Bei ya Uso: Shauri la Fergus mac Léti na Dorn binti Buide

Kwa miaka saba mfalme wa Ulster, kaskazini mwa Ayalandi, alioshwa kichwa akiwa amelazwa chali. Hakuna aliyethubutu kumwinamisha juu ya maji. Mtu akiinamia maji hukutana na sura yake, na sura ya Fergus mac Léti ilikuwa imepinduka, midomo imevutwa hadi kisogoni. Wakubwa wote wa nchi walijua. Asiyejua ni yeye mwenyewe.

Ukiisikia hadithi hii mara ya kwanza utadhani imetoka kwenye ngano, pale majini na wafalme wa kale wanapokutana. Kumbe imetoka kwenye sheria. Katika Ayalandi ya karne ya 7 na ya 8, mahakimu wa jadi, waliojulikana kama breithem, walikusanya sheria zao katika mkusanyiko mkubwa uitwao Senchas Már. Mojawapo ya sehemu zake inahusu jambo kavu kabisa: namna ya kukamata mifugo ya mtu unayemdai ili akulipe. Inaeleza taarifa ya awali, siku za kusubiri (1, 3, 5 au 10 kulingana na aina ya deni), wapi mifugo ifungiwe, na lini ihesabike kuwa ya mdai. Humo, katikati ya siku na mazizi, ndimo anamotajwa Fergus na uso wake. Masimulizi kamili ya kisa chake yamebaki katika miswada ya sheria, mmoja uko Dublin na mwingine London, na mwaka 1952 mwanasheria na mtaalamu wa lugha D. A. Binchy aliyachapisha kwa uhariri makini.

Nataka kulisoma kama shauri. Nani alimkosea nani, nani alilipa nini, na deni liliishia wapi.

Chanzo ni ugomvi wa madaraka. Eochu Bélbuide, yaani Eochu wa Mdomo wa Njano, aligombea utawala na Conn Cétchathach, Conn wa Vita Mia. Alipoona mambo yamemwendea kombo alikimbilia kaskazini kwa Fergus, akapewa hifadhi. Baadaye akachoka kuishi ugenini, akataka kurudi kupatana na watu wake. Hakufika salama. Waliomuua walikuwa sita: Asal mwana wa Conn, wana wanne wa Buide mac Ainmirech, na kijana aitwaye Foitline, ambaye mama yake, Dorn, alikuwa binti wa huyo huyo Buide.

Hapo kuna makosa mawili katika pigo moja. La kwanza ni damu ya Eochu, ambayo dia yake ni ya ndugu zake. La pili ndilo linalobeba kisa chote: Eochu alikuwa chini ya ulinzi wa Fergus, na kumuua mtu aliye chini ya ulinzi wa mwingine lilikuwa kosa lenye jina lake katika sheria, díguin. Anayedai hapo ni mlinzi, na anachodai ni bei ya uso wake.

Sitii chumvi. Katika Kiayalandi cha kale neno enech ni uso, na neno hilo hilo ni heshima, na likaja kuwa hata ulinzi ambao mtu huweza kumpa mwenzake. Fidia ya mtu aliyevunjiwa heshima inaitwa lóg n-enech, bei ya uso. Ng'ambo ya bahari, huko Wales, sheria nayo ina wynebwerth, thamani ya uso. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana, kwa sababu tuna kitenzi kinachofanya kazi hiyo kwa pigo moja. Kuumba ni kufanya umbo; kuumbua ni kulitengua. Aliyeumbuka huenda ameharibika sura, huenda ameaibika mbele za watu, na mara nyingi msemaji hachagui. Shika neno hilo, maana Fergus ataumbuka kwa maana zote mbili.

Alilipwa. Ardhi yenye thamani ya cumal saba, dhahabu ya cumal saba, fedha ya cumal saba. Ili kupima ukubwa wa malipo hayo, tazama andiko la mwaka 700 hivi liitwalo Críth Gablach, linalopanga watu kwa daraja na bei zao: mfalme wa eneo dogo uso wake ni cumal 7, mfalme mwenye wafalme wengine chini yake ni 8, na mfalme wa wafalme 14. Hesabu ya Fergus inafika 21. Wasimulizi hawakuwa bahili.

Na cumal ni nini? Ni mjakazi. Hiyo ndiyo maana ya neno lenyewe, mwanamke mtumwa. Kufikia wakati wa maandiko haya lilikuwa limegeuka kipimo tu, mara nyingi likihesabiwa sawa na ng'ombe watatu wa maziwa, na hata shamba lilipimwa kwa cumal. Hakuna aliyewahi kuona wajakazi 21 wakipangwa mstari mbele ya Fergus. Walikuwa dhahabu, fedha na udongo.

Ila mmoja. Mbali na malipo hayo, alikabidhiwa Dorn.

Kosa la Dorn lilikuwa la mwanawe. Katika sheria hii ukoo ndio uliobeba deni la mtu wake: akiua, wote wanachanga. Lakini Foitline baba yake alikuwa mtu wa kuja, na Dorn alimzaa bila idhini ya ukoo. Sheria ilimtazama mwanamume wa namna hiyo kwa jicho la pembeni. Aliyetoka ng'ambo aliitwa cú glas, mbwa wa kijivu. Mtoto akipatikana kwa ruhusa ya wazee wa mama, ukoo wa mama hubeba madeni yake, kwa kuwa upande wa baba hakuna wa kudaiwa. Ikikosekana ruhusa, ukoo hujitoa na mzigo humwangukia mama. Kaka zake wanne waliua mtu yule yule, siku ile ile, na hakuna hata mmoja wao aliyekwenda utumwani. Dorn, ambaye hakuwepo, alikwenda. Jina lake maana yake ni ngumi.

Kisheria mpango ulikuwa safi. Kila deni lilipata mlipaji, amani ikafungwa, Fergus akarudi kwake na mwanamke wa rehani. Mahakimu wangefunga faili hapo.

Hadithi ndiyo haikubali kufunga. Fergus alishuka baharini na Muena, mwendesha gari lake la farasi, wakalala pwani. Usiku wakaja vijitu vya majini, lúchorpáin. Ndio hawa hawa ambao karne nyingi baadaye walikuja kuchorwa wakiwa na kofia na chungu cha dhahabu. Hapa ndipo wanapoonekana kwa mara ya kwanza katika maandishi, na wala hawana dhahabu. Wakamnyang'anya upanga, wakambeba hadi majini. Miguu ilipogusa baridi ya bahari akazinduka, akakamata watatu, mmoja kila mkono na mmoja akambana kifuani.

Kinachofuata kinafanyika kwa itifaki kamili, na hapa msomaji wa sheria asipite mbio. Kijitu kimoja kinanyonya titi la Fergus na kumshika shavu, kama ishara ya kuomba kuhifadhiwa. Titi tunalijua kutoka kwingine: Mtakatifu Patrick, katika maungamo aliyoyaandika mwenyewe karne ya 5, anasimulia jinsi alivyokataa kunyonya matiti ya mabaharia aliotaka wamchukue katika chombo chao, kwa kuwa alimcha Mungu. Ilikuwa desturi ya kujiweka chini ya mtu. Na shavu ni uso. Anayetaka ulinzi anashika mahali ulinzi unapokaa.

Uhai kwa uhai, Fergus akatoa sharti: apewe uwezo wa kwenda chini ya bahari, mabwawa na maziwa. Akapewa, kwa mimea ya kutia masikioni. Wengine walisimulia kuwa ni joho la kujifunika kichwa. Akakatazwa sehemu moja tu, Loch Rudraige, ambayo leo ni ghuba ya Dundrum katika Kaunti ya Down. Ilikuwa ndani ya nchi yake mwenyewe. Mfalme aliruhusiwa maji yote isipokuwa ya nyumbani.

Bila shaka aliingia. Chini kule akaona muirdris, dubwana lililokuwa likivimba na kunywea kama mvukuto wa mhunzi. Halikumgusa. Kuliona tu kulitosha: mdomo wake ukarudi nyuma hadi kisogoni. Akatoka mbio, akamuuliza Muena anaonekanaje. Muena akajibu kwamba hali si nzuri, lakini usingizi utaiondoa. Akamlaza, akaenda peke yake Emain Macha, makao ya wafalme wa Ulster, kwa wenye hekima wa nchi, akawauliza watamchukua nani awe mfalme sasa, maana mwenye ila hakai Emain.

Swali la Muena lilikuwa na mguu katika sheria. Mfalme wa Waselti wa Ayalandi alibeba kitu kilichoitwa fír flathemon, ukweli wa mtawala: hukumu zake zikinyooka, nafaka huzaa, ng'ombe hutoa maziwa, hali ya hewa hutulia. Zikipinda, nchi hupinda nazo. Masimulizi yanamtaja Lugaid Mac Con, aliyeamua kwamba kondoo waliokula mimea ya rangi ya malkia wachukuliwe wote. Upande mmoja wa nyumba ukaporomoka. Mtoto Cormac ndiye aliyesema sawa: sufu kwa mimea, vyote vitaota tena. Mwili wa mfalme ulihesabiwa sehemu ya ukweli huo. Nuadu wa miungu ya kale alipokatwa mkono aliachia kiti.

Haya si ya miungu peke yao. Katika sheria za nyuki, Bechbretha, mahakimu wanataja hukumu ya kwanza juu ya mtu aliyepofushwa na nyuki. Mtu huyo ni Congal Cáech, yaani Chongo, mfalme wa Ulster aliyekufa vitani Mag Rath mwaka 637. Andiko linasema alikuwa mfalme wa Tara, kiti cha ufalme mkuu wa Ayalandi, mpaka jicho hilo lilipomwondoa. Nyuki mmoja. Mtu wa historia, na andiko la kisheria linalojadili mwenye mzinga alipe nini.

Kwa hiyo wenye hekima wa Ulster walikuwa na kesi nyepesi: mfalme ana kilema, ashuke. Hawakuitaka, wakabuni sitara. Wakamrudisha nyumbani, wakaondoa ndani ya jumba watu wote wa chini, wapumbavu na wasioweza kuzuia ulimi, mtu asije akamtamkia kilema chake usoni. Ndipo likaja hilo la kumwosha chali.

Hapa ndipo ninapoona akili ya kisa. Congal alipigwa jicho mbele ya macho ya wote, hapakuwa na la kuficha. Fergus ana kilema kikubwa mara kumi, na bado anatawala miaka saba, kwa sababu hakijatamkwa. Kama uso ni heshima, basi hauharibiki chini ya maji. Unaharibika siku mtu anapousema. Nyama ilipinda Loch Rudraige, lakini kuumbuka kulikuwa bado njiani, na wazee walijua kwamba kunakuja kwa njia ya mdomo. Ndiyo maana walifukuza ndimi, wakabakiza macho.

Wakamsahau mwanamke wa rehani. Au hawakumhesabu.

Siku moja Fergus akamwambia Dorn amtayarishie maji ya kuosha kichwa. Akamwona anachelewa. Akamtandika mjeledi. Dorn, binti wa watu, aliyekuwa akilipa miaka yote hiyo damu ambayo hakuimwaga, uchungu ukamjaa akamsimanga kwa kilema chake. Fergus akachomoa upanga akamkata vipande viwili.

Tulipime hilo kwa vipimo vyao. Kumsimanga mtu kwa kilema cha mwili kulikuwa kosa linalodaiwa bei ya uso. Kumo katika orodha yao ya kejeli haramu, pamoja na kumbandika mtu jina la utani likanata. Kwa hiyo Dorn amekosa. Lakini atadaiwa nini? Bei ya uso wa mfalme ni wajakazi, na yeye ni mjakazi tayari, wa malipo ya uso ule ule. Sheria imefika mwisho wa sarafu yake. Upande wa pili, Fergus alimpokea kama sehemu ya mapatano. Kumuua ni kula rehani. Na alimpiga kabla hajatukanwa. Mjeledi ulitangulia, na mwandishi wa kale, ambaye hapotezi maneno, hakuuacha.

Naomba nitoke kidogo niende Wales, kwa sababu huko hesabu ya uso inafanywa waziwazi zaidi. Katika tawi la pili la Mabinogi, hadithi za kale za Wales, Matholwch mfalme wa Ayalandi amekuja kumwoa Branwen. Efnisien, ndugu wa bibi harusi upande wa mama, kwa hasira ya kutoulizwa, anawakata farasi wa mgeni midomo hadi menoni, masikio hadi kichwani na mikia hadi mgongoni. Kaka yake Branwen, mfalme Bendigeidfran, anamtuliza mgeni kwa farasi wengine, fimbo ya fedha ndefu sawa na Matholwch mwenyewe, na bamba la dhahabu pana kama uso wake. Ukifungua sheria za Wales zinazoitwa za Hywel Dda utaikuta fidia ya mfalme aliyetukanwa: fimbo ya fedha, na dhahabu pana kama uso wake, unene wake kama ukucha wa mkulima aliyelima miaka mingi. Msimulizi na mwanasheria wameshika rula moja. Na tusi lililoanza yote lilikuwa midomo iliyokatwa.

Turudi Ayalandi. Kwa nini andiko la kukamata mifugo likahitaji haya yote? Linaanza kwa mistari ya kizamani juu ya ng'ombe weupe watatu ambao Asal aliwachukua kutoka kwa Mug mwana wa Nuadu. Usiku wakatoroka, maana walikuwa wameacha ndama, na maziwa yakamwagika ardhini. Huyo Asal ndiye muuaji wetu, mwana wa Conn. Hakimu kijana aliyekariri mistari hii ilimbidi aulize Asal ni nani na ugomvi wake na Ulster ulitoka wapi, na jibu lilikuwa Eochu, Fergus, Dorn. Hadithi ilikuwa mzizi wa dai. Bila kujua ya Dorn, ng'ombe watatu ni wizi tu.

Karne kadhaa baadaye kisa kiliandikwa upya, kirefu na cha kuchekesha. Vijitu vya majini vikapata mfalme, Iubdán, na malkia, Bébó, na vituko jikoni kwa Fergus. Dorn hayumo. Anayemsimanga Fergus sasa ni mkewe mwenyewe, katika ugomvi wa kuoga, baada ya kupigwa ngumi ikamvunja jino. Imebaki hasira, limeondoka deni. Mwandishi wa toleo hilo hakuwa na haja na sheria, na bila sheria Dorn hana kazi katika hadithi.

Katika toleo la zamani, Fergus alimwacha pale alipoanguka, akaenda moja kwa moja Loch Rudraige. Siku nzima, usiku na mchana, watu wa Ulster walisimama ufukweni wakitazama maji yakichemka. Kisha akaibuka, kichwa cha muirdris mkononi, wote wakamwona uso wake. Akawaambia, "Mimi ndiye niliyebaki." Akazama. Ziwa lilikaa jekundu mwezi mzima.